SI KILA NGEGE NI NGEGE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Mwaka huu sikuleta shairi, wala sikuleta hadithi ya Sungura na Fisi. Nimeleta samaki. Tena si wa kukaangwa na kuliwa kwa ugali, la! Ni wa kutazamwa na kutajwa kwa jina lake sawasawa.

Kila mtu ana uraibu wake. Kuna anayekusanya stempu, kuna anayejua majina ya wachezaji wa Gor Mahia tangu enzi za babu yake mpaka leo. Uraibu wangu mimi ni kutambua samaki wa ziwa letu kwa macho, yaani kumtazama samaki na kusema huyu ni fulani, na kwa nini si mwenzake. Uraibu huu hauhitaji nauli wala ada. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na jioni nikitoka shuleni napita katikati ya soko la Kombewa ambapo akina mama wamepanga samaki juu ya meza na kwenye mabeseni. Jumamosi nikitumwa ufuoni, nateremka hadi Kaloka au Asat wakati mashua zinaingia. Huko ndiko shule yangu ya pili.

Mama mmoja mchuuzi alinizoea mpaka akaniuliza, "Mwanangu, wewe kila siku unageuza samaki wangu tu. Unanunua ama unawasoma?" Nikamjibu, "Nawasoma, mama." Akacheka sana, akasema, "Haya soma, lakini usiwakaushe kwa macho!" Tangu siku hiyo, akipata samaki wa ajabu humweka kando akaningojea. Mwenyezi Mungu ambariki.

KOI WA JAPANI

Mwalimu wetu wa Biolojia alipoona daftari langu alinionyesha picha za samaki wa mapambo wa Japani waitwao koi. Kumbe uraibu huu una wenzangu duniani! Wakulima wa milima ya Niigata walianza kuwazalisha koi katika karne ya 19 kutokana na samaki wao wa kawaida wa chakula. Leo kuna watu wa mataifa mengi ambao kazi yao ya jioni ni kujifunza majina ya koi.

Nitawapa mifano mitatu. Koi mweupe mwenye mabaka mekundu huitwa kohaku. Mweupe mwenye mabaka mekundu na meusi huitwa sanke. Wa tatu ni showa, ambaye naye ana rangi zizo hizo tatu, ila kwake msingi ni weusi, halafu wekundu na weupe ndio umekuja juu yake. Sasa anayeanza atawatenganishaje sanke na showa? Huambiwa atazame kichwa. Weusi wa sanke kwa kawaida haupandi kichwani. Wa showa hupanda. Koi hutazamwa kutoka juu, akiwa hai, akiogelea bwawani.

Lakini jambo lililonishangaza ni hili. Kohaku, sanke na showa wote ni samaki wa aina moja tu. Kilichotofautiana ni rangi walizochaguliwa na wafugaji. Huku kwetu mambo ni kinyume. Samaki wa aina mbalimbali kabisa tumewapa jina moja, tukawakaanga kwenye kikaango kimoja, basi. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

NGEGE NI NANI HASA?

Nenda Kisumu leo, uketi katika hoteli yoyote ya kando ya ziwa, uagize ngege. Utaletewa samaki mzima, mpana, amelala juu ya sinia na sukumawiki ubavuni. Ni mtamu, sikatai. Lakini karibu kila mara huyo si ngege. Huyo ni nyamami, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sato. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis niloticus.

Ngege mwenyewe ni Oreochromis esculentus. Hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake "afaaye kuliwa". Ngege ni mwenyeji wa ziwa hili, pamoja na ndugu yake mbiru, ambaye ni Oreochromis variabilis. Nyamami ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 pamoja na wageni wengine, baada ya ngege kupungua.

Na kwa nini ngege alipungua? Nyavu za kisasa za kutega ziliingia katika Ghuba ya Winam mwaka wa 1905. Kabla ya hapo wazee wetu walivua kwa mitego ya matete na ya vijiti. Nyavu zilipoingia, ngege alivuliwa mno. Mwaka wa 1927 hadi 1928 mtaalamu Mwingereza aitwaye Michael Graham alizunguka ziwa zima akichunguza samaki, akapendekeza kwamba nyavu zenye matundu madogo kuliko inchi 5 zipigwe marufuku ili ngege wachanga wapone. Sheria ikawekwa, lakini baadaye ikalegezwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaletwa pia mbuta, yule sangara mkubwa mla wenzake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Nyamami alichukua mahali pa kulala na pa kuzalia pa ngege, na ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu.

Hata hivyo hajafa wote. Katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo lililo ndani ya kinamasi cha Yala kule Siaya, ngege amebaki. Matete mengi ya kinamasi yamekuwa ukuta wake. Si mbali na sisi hapa Seme, lakini ni wanafunzi wangapi kati yetu wanaojua?

Nilimuuliza nyanya yangu, ambaye alikuwa msichana mdogo miaka ya 1950, "Nyanya, ngege wa kweli alikuwaje?" Akanijibu bila kufikiri mara mbili: "Kichwa kidogo, mwili wa mviringo, na mkia safi usio na mistari. Hao wenu wenye mistari ni nyamami tu, mjukuu wangu. Nyinyi watoto mmempa mgeni jina la marehemu."

Maneno hayo yalinigusa. Sisi Waluo mtu akifa, jina lake hupewa mtoto ili asisahaulike. Lakini kwa ngege tumefanya kinyume. Jina limepewa mgeni, na kwa sababu jina linaendelea kusikika kila siku sokoni, hakuna anayeuliza mwenyewe alikwenda wapi. Kama watu wangekuwa wakisema "leo hakuna ngege, kuna nyamami", pengine mtu angeshtuka mapema.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Basi tuingie darasani. Shika samaki kwa ubavu, si kutoka juu kama koi, na ufuate utaratibu huu ambao mimi huutumia daftarini.

Kwanza, tazama mkia. Nyamami ana mistari myembamba iliyosimama wima kwenye mkia wake wote, imepangwa vizuri kama mistari ya daftari iliyogeuzwa. Hii ndiyo alama kubwa. Ngege hana mistari hiyo ya wazi. Mbiru ana ukingo mwekundu au wa rangi ya chungwa kwenye mkia, na dume lake likiwa tayari kuzaa huning'iniza kishada cha rangi ya chungwa chini ya tumbo. Ukikiona kishada hicho, usiulize mtu tena.

Pili, tazama kifua na tumbo. Kuna mgeni mwingine aliyeletwa miaka hiyo ya 1950, jina lake la kisayansi Coptodon zillii, ambaye kifua chake huwa chekundu. Huyu pia hubaki na doa jeusi kwenye pezi la mgongo, karibu na mwisho wake. Vitoto vya nyamami navyo huwa na doa kama hilo, kwa hiyo doa peke yake lisikudanganye. Tofauti yake nyingine huioni sokoni, ila ni nzuri kuijua: jike la ngege, la mbiru na la nyamami hubeba mayai na watoto kinywani, lakini zillii hutaga mayai chini, na baba na mama huyalinda pamoja.

Tatu, tazama mapezi. Mgeni wa tatu, Oreochromis leucostictus, ana vidoa vyeupe vingi kwenye mapezi, na mwili wake ni mweusimweusi. Hata jina lake maana yake ni "mwenye madoa meupe".

Nne, tazama kichwa. Linganisha kichwa na mwili. Nyanya alisema kweli, kichwa cha ngege ni kidogo. Ngege hula mimea midogo sana inayoelea majini, ambayo huichuja kutoka kwenye maji, kwa hiyo hahitaji kinywa kikubwa.

Mwisho kabisa ndipo utazame rangi. Wanaoanza hukimbilia rangi, lakini rangi ni shahidi asiyeaminika. Samaki akifa rangi yake hufifia. Dume likitaka kuzaa hubadilika, likapata wekundu au weusi ambao mwezi uliopita halikuwa nao. Barafu na jua navyo hufanya kazi yao. Mkia hausemi uongo haraka hivyo. Halafu kuna machotara, maana aina hizi zikikutana huweza kuzaliana. Samaki wa namna hiyo mimi humwandika "hajulikani", basi. Hata hilo ni jibu.

FULU, DARASA GUMU

Kama ngege ni shule ya msingi, fulu ni chuo kikuu. Fulu ndio wale samaki wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja, wanaouzwa kwa mafungu. Watanzania huwaita furu. Watu wengi huona fulu ni fulu. Lahaula! Wanasayansi wanasema ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, na karibu zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba ziwa letu lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo, ambao kwa dunia ni kama jana tu, aina zote hizo zilitokea. Wataalamu wa Ulaya na Marekani husoma habari za fulu vyuoni, na kuna watu huko wanaowafuga kwenye matangi ya kioo kama sisi tunavyofuga kuku.

Fulu hutambuliwa kwa nini? Alama ya kwanza iko kwenye pezi la chini, nyuma ya tumbo. Dume lina madoa ya mviringo ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayofanana na mayai. Jike hutaga, halafu huyaokota mayai upesi na kuyaweka kinywani. Linapoona madoa ya dume hujaribu kuyaokota pia, na hapo ndipo hupokea mbegu za dume, na mayai yaliyo kinywani yakarutubishwa. Ujanja ulioje!

Alama ya pili ni kinywa na meno. Mla samaki ana taya ndefu. Mla mwani wa mawe ana meno mengi mafupi ya kukwangua. Mla konokono ana taya ya pili ndani ya koo, pana na yenye meno butu kama mawe ya kusagia. Mfano ni yule aitwaye Astatoreochromis alluaudi, mwenye madoa mengi makubwa kwenye pezi la chini. Alijaribiwa katika mabwawa hapa Kenya ili ale konokono wa kichocho. Lakini ikaonekana kwamba akilelewa bila konokono, taya yake haipati nguvu ile. Kwa hiyo hata mfupa hubadilika kwa chakula! Ndiyo maana nasema fulu ni darasa gumu. Mimi mwenyewe daftarini huwagawa kwa kinywa tu: warefu wa taya, wakwanguaji na wasagaji. Majina kamili nawaachia wenye darubini.

Uchunguzi wa mwaka wa 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba fulu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Miaka ya 1980 mbuta waliongezeka ghafla, fulu wakaanguka mpaka karibu hawakuonekana katika nyavu. Aina nyingi zilipotea kabla hazijapewa hata jina. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya fulu wamerudi, wale waliofaulu kujificha kwenye miamba, matete na maziwa madogo. Kwa hiyo unapoona fungu la fulu sokoni, jua unatazama wale walionusurika.

KISWAHILI NDANI YA SAYANSI

Wanachama wa Kiswahili, sasa tegeni masikio. Kuna fulu wa kule Mwanza waitwao Pundamilia. Ndiyo, punda milia wetu! Jina hilo lilitolewa na wanasayansi mwaka wa 1998 kwa sababu ya milia ya samaki hao. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, na dume lake ni la buluu. Mwingine anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Alielezwa katika sayansi mara ya kwanza mwaka wa 1985, na dume lake lina mgongo mwekundu. Majike ya aina hizo mbili yanafanana sana, yote ya manjano-manjano.

Basi jike litamjuaje mume wake? Kwa rangi: jike moja hufuata jekundu, jingine la buluu. Lakini mwaka wa 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa machafu, rangi hazionekani vizuri. Majike hushindwa kuchagua, aina mbili huchanganyika, na mwishowe huwa moja. Fikirini hapo. Udongo wa mashamba yetu ukiteremka na mvua, mbolea na maji taka yakaingia ziwani, maji yakawa ya kijani kama tunavyoyaona Winam, basi samaki wenyewe hushindwa kutambuana. Hapo hakuna nyavu wala mbuta. Ni uchafu tu.

KAZI YETU SISI

Mtu anaweza kuniuliza, "Sasa haya yote yatakusaidia nini kwenye mtihani?" Namjibu hivi. Huwezi kutunza kitu ambacho huna jina lake. Nyanya yangu anaweza kumtambua ngege kwa kumshika tu, hata gizani. Mama yangu hawezi. Mimi nimemjua kwa maneno ya nyanya na kwa picha. Wazee hao wakiondoka kabla hatujaandika wanayoyajua, hatutapoteza samaki peke yake. Tutapoteza pia habari kwamba aliwahi kuwako.

Kwa hiyo napendekeza Chama chetu kianze kitabu cha majina ya samaki wa Seme. Kila ukurasa uwe na jina la Kidholuo, jina la Kiswahili, jina la kisayansi, mchoro wa ubavuni, na maelezo ya mzee mmoja aliyemjua samaki huyo. Nimeanza orodha, nanyi mtaendeleza:

Mbuta – sangara – Lates niloticus.
Nyamami – sato – Oreochromis niloticus.
Omena – dagaa – Rastrineobola argentea.
Mumi – kambare – Clarias gariepinus.
Kamongo – kambare mamba – Protopterus aethiopicus.
Fulu – furu – aina nyingi mno.
Ningu – Labeo victorianus; huyu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu za kwenye milango ya mito zilimmaliza sana. Jina lake la Kiswahili bado nalitafuta. Anayelijua aniambie.
Ngege – Oreochromis esculentus. Ukurasa huu nataka nyanya yangu aujaze mwenyewe.

Wale wenzangu mtakaopita sokoni leo jioni, msipite tu. Simameni kidogo mbele ya beseni, mwombe mwenye mali ruhusa, mtazame mkia. Mkiona mistari, semeni "nyamami". Na siku moja mkikutana na mkia safi usio na mistari, kichwa kidogo, mwili wa mviringo, tafadhali msimkaange kwanza. Nikimbilieni nyumbani mniite.